Je, Lazima Mteja Alegee Kwanza Ndipo Hipnosisi Ifanye Kazi?

Vikao vingi vya tiba ya hipnosisi, yaani tiba inayomwingiza mteja katika hali ya umakini wa ndani ambamo huitikia maneno ya mtaalamu kwa urahisi, huanza kwa namna moja. Mteja huegemea kiti, hufumba macho, huvuta pumzi polepole, na mtaalamu humpitisha mwilini kiungo kwa kiungo: nyayo, mapaja, tumbo, mabega, taya, paji la uso. Dakika nyingi hupita hivyo kabla tatizo lililomleta halijaguswa. Mazoea haya yamekita mizizi kiasi kwamba wateja wengi, na hata baadhi ya wataalamu, huona kulegea ndiko hipnosisi yenyewe. Siko upande wa wanaotaka mazoezi hayo yaachwe. Ila kuyafanya sharti kwa kila mteja kunawaumiza baadhi ya watu, tena mara nyingi wale walio dhaifu zaidi.

Wanaoyatetea wana hoja nzito. Daktari Edmund Jacobson wa Marekani alieleza kwa kirefu mwaka 1929 njia ya kukaza na kulegeza misuli hatua kwa hatua. Mjerumani Johannes Schultz naye alitoa mwaka 1932 mazoezi yake ya kujituliza, ambapo mtu hujisemea kwamba mkono ni mzito, mkono una joto. Schultz hakuyabuni hewani. Watu waliokuwa katika hipnosisi walikuwa wakisema kwamba wanahisi uzito na joto viungoni, naye akataka wajifunze kujiletea hali hiyo wenyewe. Kwa hiyo undugu wa kulegea na hipnosisi ni wa damu.

Faida zake kikaoni zinaonekana. Mtu aliyezoea kuishi mabega yamempanda hadi masikioni hugundua kwamba maneno peke yake yanaweza kuubadili mwili wake. Ugunduzi huo una nguvu kuliko maelezo yoyote ya mtaalamu, kwani mteja ameuonja mwenyewe. Kwa anayekosa usingizi, au anayeumwa kichwa kwa sababu ya misuli ya shingo iliyokaza, kulegea ni sehemu ya tiba yenyewe. Isitoshe, ni jambo analoweza kwenda nalo nyumbani akalifanya bila kumtegemea mtu.

Lakini je, ni lazima? Mwaka 1976 Éva Bányai na Ernest Hilgard walichapisha utafiti ambao kila anayejifunza kazi hii angepaswa kuujua. Waliojitolea walinyonga baiskeli isiyosogea, macho wazi, huku wakielekezwa kuwa macho zaidi na wachangamfu zaidi. Baadaye walipopewa mapendekezo ya kihipnosisi, yaani maneno ya kuwaongoza wahisi au watende jambo fulani, waliyaitikia kwa kiwango kilichokaribiana na cha utaratibu wa kawaida wa kulegea na kusinzia. Jasho liliwatoka, mapigo ya moyo yalikuwa juu, na bado hipnosisi ilikuwepo. Hata tukirudi nyuma hadi Paris ya miaka ya 1780, wagonjwa wa Franz Anton Mesmer, daktari ambaye tiba yake ndiyo iliyoitangulia hipnosisi, hawakuwa wakilegea. Walitetemeka, walilia, wengine walipata degedege, na hilo ndilo lililohesabiwa kuwa dalili ya kupona. Tume iliyoichunguza tiba hiyo mwaka 1784, ambayo Benjamin Franklin alikuwa mmoja wa wajumbe wake, iliona kwamba kilichofanya kazi pale ni fikra na matarajio ya wagonjwa. Mteja wa leo hulegea kwa sehemu kwa sababu ndivyo alivyotarajia.

Watetezi hujibu kwamba kunyonga baiskeli maabara si sawa na kumtibu mtu mwenye mateso, na kwamba kuitikia pendekezo si kupona. Ni kweli, na nakubaliana nao. Hoja ya baiskeli inathibitisha tu kwamba kulegea si sharti. Haithibitishi kwamba hakufai.

Kinachonisumbua zaidi ni madhara. Mwaka 1983 Frederick Heide na Thomas Borkovec walieleza jambo ambalo wataalamu wengi hukutana nalo: watu wenye wasiwasi wa kudumu ambao wakianza kutulizwa ndipo wasiwasi unapanda. Kwao kukaza mwili ni ulinzi. Ukiwaambia waachie, wanahisi kama wanaporwa usukani. Aliyewahi kudhulumiwa kimwili yuko pabaya zaidi, maana kulala chali, macho yamefumbwa, mbele ya mtu mwenye mamlaka na sauti laini, kunaweza kufanana mno na saa ile ile ya ukatili. Na kuna hofu ya damu na sindano, ambayo aghalabu hushusha shinikizo la damu ghafla hadi mtu akazimia. Msweden Lars-Göran Öst na wenzake waliwafundisha wagonjwa wa aina hiyo kukaza misuli badala ya kuilegeza, ili shinikizo lipande. Kumwambia mtu kama huyo alegee mbele ya sindano ni kumsogeza kwenye kuzimia.

Kuna pia hasara isiyopiga kelele. Mteja anayeshindwa kulegea huondoka akiamini hipnosisi haimwezi, kumbe alishindwa zoezi la utangulizi tu. Mwingine husinzia kabisa, mtaalamu akafurahi kwamba amezama katika hipnosisi, wakati hakuna alichosikia.

Wapo wanaosema wasiwasi huo hupungua mteja akizoezwa kidogo kidogo. Kwa baadhi ni kweli. Basi kulegea kuwe jambo la kufikiwa ndani ya tiba, kusiwe mlango ambao asiyeupita haingii. Swali la kwanza liwe: mwili wako ukitulia, huwa unajisikiaje? Jibu ndilo litakaloamua. Mwenye kutafuta usingizi alegezwe. Mwanamichezo, au anayeogopa kusimama mbele ya watu, huenda akafaidika zaidi akifanya kikao amesimama au akitembea, kwani ndivyo atakavyokuwa siku ya siku. Na mteja akisema katikati ya zoezi kwamba moyo unamwenda mbio, asiambiwe alegee zaidi. Afumbue macho, akanyage sakafu kwa miguu yote miwili, achague kitu kimoja chumbani cha kukitazama, na akiwa tayari, kikao kiendelee hivyo hivyo, macho wazi.