Hata Kisu cha Elfu Ishirini Kinahitaji Kunolewa

Binti wa kaka yangu alipokaribia kuolewa, sisi wa upande wa baba tulikubaliana katika kundi letu la WhatsApp kwamba tuchange fedha za kumnunulia seti ya visu vya Kijerumani, vile vinavyouzwa vikiwa vimechomekwa katika kigogo cha mbao. Bei ilipita shilingi 20,000, na siku ya sherehe zawadi hiyo ndiyo iliyoshangiliwa kuliko zote. Juzi nilimtembelea kwake Donholm, nikamkuta jikoni akihangaika na nyanya. Kisu kilikuwa kikiteleza juu ya ganda, na alipokikandamiza kwa nguvu, nyanya ilipasuka na mbegu zikamwagika mezani. Akaniambia kwa masikitiko, "Shangazi, hivi visu vilikuwa vikali kweli, lakini sasa hata kitunguu vinakataa. Nadhani tuliuziwa feki."

Havikuwa feki. Vilikuwa visu vizuri ambavyo havikuwa vimenolewa hata mara moja tangu vitoke dukani. Kile chuma kirefu cha mviringo cha kunyooshea makali kilikuwa bado kimo katika tundu lake kwenye kigogo, hakijaguswa, na hakuna aliyekuwa amemwambia kazi yake ni nini. Jambo hilo limeniuma, kwa sababu nyumba nyingi za Nairobi zina visu vya namna hiyo, na wenyewe wanaamini kwamba dawa ya kisu butu ni kununua kisu kingine cha bei ya juu zaidi. Mimi ninasema wazi kwamba kwa jiko la kawaida la mji huu, kisu cha bei ghali hakistahili fedha zake, na kwamba fedha hizo zingefaa zaidi kama zingetumika kununua kisu cha wastani, kinoo na ubao wa mbao.

Tuanze na kile unacholipia. Visu vya Solingen, mji wa Ujerumani ambako kampuni ya Zwilling ilianzia mwaka 1731, kwa kawaida hutengenezwa kwa chuma chenye kaboni ya karibu asilimia 0.5 na kromiamu ya karibu asilimia 15. Kaboni ndiyo inayokipa chuma ugumu kinapopashwa moto na kupozwa ghafla, nayo kromiamu hukikinga dhidi ya kutu. Ugumu wake kwa kipimo cha Rockwell huwa takriban 56 hadi 58. Sasa chukua kisu cha Victorinox, kampuni ya Uswisi iliyoanzishwa mwaka 1884, chenye mpini mweusi wa plastiki, ambacho bapa lake hukatwa kutoka katika bamba la chuma badala ya kufuliwa. Chuma chake ni cha aina hiyohiyo au kinakaribiana nacho sana, wapishi wa hoteli na wauza nyama katika nchi nyingi hukitumia kutwa nzima, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya kile cha Solingen. Tofauti iliyobaki ni uzito, urembo wa mpini na jina lililochongwa kwenye bapa.

Visu vya Kijapani ni habari nyingine, na ninakiri kwamba tofauti yake ni ya kweli. Vingi vinavyotoka katika miji kama Seki na Sakai vina ugumu unaofika 60 na kuzidi, na makali yake hunolewa kwa pembe ya digrii 15 hivi kila upande, wakati visu vya Kizungu vimezoea kunolewa kwa takriban digrii 20. Kwa hiyo hukata kwa wepesi wa ajabu na hukaa na makali kwa muda mrefu zaidi. Hata hivyo, chuma kigumu kiasi hicho hakipindi, humeguka. Jaribu kukitumia kukatakata kuku wa kienyeji pamoja na mifupa yake, au kupasulia nyama iliyoganda kwenye friji kwa sababu umeme umerudi na wageni wamo njiani, na utakiona kimejaa mapengo. Jikoni kwetu kisu kimoja hukata dania asubuhi na jioni kikatumwa kupasua malenge. Kisu cha Sakai hakikutengenezwa kwa maisha hayo. Ama yale mawimbi mazuri yanayoonekana kwenye bapa la visu vya namna hiyo, mara nyingi ni tabaka za nje za mapambo, na chuma kinachokata ni kile cha katikati kinachojitokeza ukingoni.

Kiini cha hoja yangu ni kwamba makali si mali unayoinunua mara moja ukaiweka kabatini. Makali ya kisu chochote, kiwe cha shilingi 300 au cha shilingi 30,000, ni ukingo mwembamba sana wa chuma ambao hujipinda na kulika kila unapogusa ubao. Ukikatia juu ya sahani ya kauri, juu ya kaunta ya marumaru, au juu ya ule ubao wa kioo ambao watu huupenda kwa sababu husafishika upesi, unayaua makali hayo kwa siku chache. Ukikirusha kisu kwenye sinki pamoja na sufuria, au ukikihifadhi katika droo ya vijiko, unafanya vivyo hivyo. Hakuna kiwanda duniani kilichotengeneza chuma cha kuvumilia mambo hayo, na bei haiongezi uvumilivu huo hata kidogo.

Ushahidi uko mtaani. Mtazame mama mboga jioni, wakati watu wanatoka kazini na foleni imefika barabarani. Huyaviringisha majani ya sukuma wiki katika kiganja cha kushoto, akayakata hewani bila ubao wowote, na nyuzi nyembamba zikaanguka moja kwa moja kwenye karatasi huku yeye akizungumza na mteja anayefuata. Kisu chake kina mpini wa plastiki uliokwaruzika, na bapa lake limelika kwa kunolewa hata limebaki jembamba kuliko kidole. Chini ya meza yake kuna jiwe. Kabla hajaanza kazi, na tena anapohisi kwamba majani yanaanza kuvutika badala ya kukatika, analichukua jiwe hilo, analimwagia maji kidogo, anapitisha kisu mara kadhaa na kuendelea. Nenda pia kwa mwenye bucha. Mifupa huipasua kwa panga juu ya gogo, nyama huikata kwa kisu chembamba, na kati ya mteja mmoja na mwingine hukipitisha kisu hicho kwenye chuma cha kunolea kinachoning'inia kiunoni au ukutani. Watu hawa wawili hula kutokana na visu vyao, na hakuna kati yao anayedhani kwamba bei ingemwondolea kazi ya kunoa.

Kunoa si siri ya mafundi. Kinoo cha namba 1000 (namba inavyozidi, chembe za jiwe ndivyo zinavyokuwa ndogo) kinatosha kwa nyumba, na kama kisu kimekuwa butu kabisa, anza na kinoo cha pande mbili, kwa upande wenye chembe kubwa, wa namba 400 hivi. Kiloweshe kinoo, kilaze juu ya kitambaa kibichi kisiteleze, kisha inua mgongo wa kisu kiasi cha kupata pembe ndogo isiyobadilika, ukisukume na kukivuta juu ya jiwe kutoka kisiginoni, karibu na mpini, hadi nchani. Baada ya muda, pitisha kidole taratibu kutoka mgongoni kuelekea nje ya makali, usikipitishe kwa urefu wake, na utahisi ukwaruzo mdogo, ukingo wa chuma uliojikunja upande wa pili. Ukihisi ukwaruzo huo kwa urefu wote wa kisu, upande huo umekwisha, geuza. Malizia kwa kupitisha kila upande kwa wepesi mpaka ukwaruzo utoweke. Jaribio la kweli ni nyanya iliyoiva: kisu kikiingia katika ganda kwa uzito wake chenyewe, kazi imekamilika.

Wapo mafundi wanaopita mitaani na mawe yao yanayozungushwa kwa pedali za baiskeli, na ninawaheshimu, kwa kuwa wamezisaidia nyumba nyingi kuliko duka lolote la visu. Lakini simama pale uangalie. Cheche zikiruka mfululizo na ukingo wa kisu ukageuka rangi ya samawati, chuma hicho kimepata joto kupita kiasi na kimepoteza ugumu wake, na kisu kitakuwa butu tena kabla wiki haijaisha. Mwombe akichovye kwenye maji mara kwa mara. Fundi mwema hatakasirika.

Kuna jambo jingine ambalo hatulisemi. Katika nyumba nyingi za Nairobi, anayenunua kisu siye anayekitumia. Seti ya bei ghali hupangwa juu ya kaunta ili wageni waione, na dada anayefanya kazi ya nyumbani huambiwa asiiguse, asije akaiharibu. Yeye huachiwa kile kisu cha zamani ambacho hakijawahi kuona jiwe, na kwa kisu hicho anamenya viazi vya familia nzima, anakata kabeji, anachambua nyama, kisha analaumiwa kwamba chakula kimechelewa. Kisu butu ndicho kinachojeruhi, kwa sababu kinadai nguvu, na nguvu inapoteleza hupeleka kisu kwenye kidole. Nimeziona alama hizo kwenye mikono ya wasichana wengi, na sijawahi kumsikia mwajiri akijiuliza zimetoka wapi. Mtu aliye tayari kutoa shilingi 20,000 kwa ajili ya kigogo cha mapambo huku akimnyima mwenzake jiwe la kunolea amekosea hesabu, na amekosea utu pia.

Sipendekezi kwamba ununue kile cha bei ya chini kabisa. Vile visu vyembamba vinavyong'aa, visivyo na alama yoyote, vinavyouzwa vikiwa vimefungwa vitano pamoja, chuma chake ni laini mno, na makali hukunjika kwenye kiazi cha kwanza. Pia nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba mpishi anayesimama jikoni kwa muda wa saa nane kila siku, au fundi wa kuandaa samaki, ana sababu ya kutafuta chuma bora na kukilipia. Vilevile mtu aliyekwisha kujifunza kunoa na akapenda kazi hiyo, akijinunulia kisu cha Kijapani kwa fedha zake, atakifurahia na atakitunza. Watu hao wanajua wanachonunua.

Wengine husema hawana nafasi ya kunoa. Kunyoosha makali kwenye chuma kabla ya kupika huchukua muda mfupi kuliko kumenya kitunguu kimoja, na kazi ya kinoo kwa visu viwili au vitatu ni ya nusu saa mara moja kwa mwezi au hata miezi miwili. Mpwa wangu na msichana anayemsaidia nyumbani waliketi nami alasiri ileile, wakanoa visu vyote vya kile kigogo kwa zamu, na msichana huyo ndiye aliyeshika pembe sawasawa kabla yetu sote.