Tuliletewa Nusu ya Mjadala

Kila mitaala inapoguswa huku kwetu, ubishi ni uleule: mtoto afundishwe kazi ya mikono au asome vitabu? Wamarekani Weusi walibishana hivyo zaidi ya miaka 100 iliyopita, na kwa maoni yangu walitupita mbali, kwa sababu wao waliitia na sanaa humo humo.

Booker T. Washington, aliyezaliwa mtumwa, alikiongoza chuo cha Tuskegee, Alabama, tangu kilipoanza mwaka 1881. Wanafunzi wake walifyatua na kuchoma matofali ya majengo yao wenyewe. Matanuri matatu ya kwanza yaliharibika, akaweka saa yake rehani ili wajaribu tena. Mwaka 1895, kule Atlanta, aliwahimiza watu wake watangulize kazi na mali, madai ya usawa wa kijamii yasubiri. Msomi Mweusi mwenzake, W.E.B. Du Bois, alimjibu mwaka 1903: fundi au mwenye mali hawezi kulinda alichonacho kama hana kura.

Wengi huishia hapo. Mimi huanzia Paris, 1900, kwenye maonyesho ya dunia. Du Bois na wanafunzi wake wa Chuo Kikuu cha Atlanta walipeleka michoro ya takwimu za maisha ya Weusi, iliyochorwa kwa mkono, kwa wino na rangi za maji. Katika mmoja wao, idadi ya Weusi wa vijijini huko Georgia ni mstari mwekundu uliojizungusha kama chatu. Ungenyooka, karatasi isingetosha. Hebu niambie hiyo ni hesabu, ni sanaa au ni siasa.

Lakini Du Bois alipotangaza mwaka 1926 kwamba sanaa yote ni propaganda, hapo tunaachana. Mwaka huohuo mshairi Mweusi Langston Hughes aliandika kwamba wasanii vijana Weusi watajieleza bila woga wala aibu, Wazungu wapende wasipende. Na Hughes aliibukia wapi? Katika The Crisis, jarida alilolihariri Du Bois mwenyewe, ambako kurasa za fasihi zilikuwa mikononi mwa Jessie Fauset, aliyewahi kuwa mwalimu wa sekondari. (Mama huyu anatajwa kidogo mno.)

Sasa huku. Tume ya elimu ya Phelps-Stokes, mfuko wa hisani wa Marekani, ilipita Afrika Mashariki mwaka 1924 ikiusifia mfumo wa Tuskegee na wa Hampton, chuo alikosoma Washington, na mwaka 1925 Jeanes School, shule ya kuwaandaa walimu wa vijijini kwa mfumo huo, ikafunguliwa Kabete, Kenya. Wakoloni waliupokea kwa mikono miwili, na si ajabu: fundi asiyedai kura hamsumbui mtawala. Hata Washington tuliletewa nusu yake, maana kwao alikuwa akifadhili kwa siri kesi za kupinga sheria zilizowanyima Weusi kura.

Kwa hiyo leo mkondo wa amali unaposifiwa Tanzania, siupingi hata kidogo. Nauliza tu: huyo mwanafunzi wa useremala atasoma fasihi saa ngapi, na habari za haki zake atafundishwa na nani?