"Siamini" si sawa na "naamini hayupo"

Masika iliyopita tulimzika baba mdogo hapa Tabora, mstaafu wa reli aliyeishi Ng'ambo zaidi ya miaka thelathini. Kabla kaburi halijachimbwa, ukoo ulikesha chini ya mwembe ukibishana swali moja: tumzike kama nani? Utotoni alibatizwa. Mkewe ni Mwislamu wa Ujiji. Yeye mwenyewe hakuonekana kanisani wala msikitini tangu sisi tukiwa watoto. Shangazi alitaka padri aitwe. Mpwa wangu, kijana mlokole, akauliza ni padri gani atakayemzika mkana Mungu. Ndipo mzee mmoja aliyekuwa akinywa naye kahawa kila jioni akaweka kikombe chini, akasema, "Jamani, msimzulie marehemu. Hakuwahi kukana. Alisema hajui."

Tangu usiku ule nimekuwa nikilifikiria neno "kukana". Kwa Kiswahili mtu hukana kitu kilichopo. Mwanamume hukana mimba, mdaiwa hukana deni, na sisi tunaosikiliza huwa tumeshaanza kumshuku. Kwa hiyo ukimwita mtu mkana Mungu umeshamaliza kesi: Mungu yupo, huyu anajua kuwa yupo, ila anakataa tu. "Kafiri" nalo, katika asili yake ya Kiarabu, lina maana ya kufunika, yaani mtu aliyeifunika kweli. Haya ni majina ambayo mwenye imani amempa asiye nayo. Mwenyewe hakuulizwa.

Ulaya nako ilikuwa hivyo hivyo. Neno "ateisti", ambalo ndilo mkana Mungu kwa lugha zao, lilitumika kwa karne nyingi kama shutuma kabla ya watu kuanza kujiita hivyo kwa hiari. Mwaka 1869 mwanasayansi wa Uingereza, Thomas Henry Huxley, alijiundia jina lake, "agnostiki", kwa maana ya mtu anayekiri kwamba katika jambo hili hana ujuzi na hataki kudai kwamba anao. Baba mdogo hakuwahi kulisikia jina hilo. Alichosema kwenye kahawa, "mimi sijui, na nyinyi hamjui", hakikuwa mbali na alichokisema Huxley.

Katika miaka ya 1970 mwanafalsafa Mwingereza Antony Flew alipendekeza njia nyingine. Alitaka neno ateisti lipanuliwe limhusu yeyote asiye na imani ya Mungu, hata kama hadai kwamba Mungu hayupo. Alilinganisha na mahakama: mshtakiwa huhesabiwa hana hatia mpaka ithibitike vinginevyo, na anayedai ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. (Flew huyo huyo mwaka 2004 alitangaza kwamba ameanza kuamini kuwa yuko Mungu wa namna fulani. Hoja yake haikufa kwa sababu hiyo.)

Uzuri wa hoja hiyo unaonekana hata sokoni. Mtu anakuuzia ndoo ya asali ya Sikonge, imefungwa, anaapa kwamba haina hata tone la maji ya sukari. Ukimjibu "sijaamini", hujamwita tapeli. Umemwambia afungue uonje. Na Kiswahili kina utajiri hapa ambao hatuutumii: "sijaamini" inaacha mlango wazi, "siamini" inaurudishia, "naamini hayupo" inaufunga na kutia komeo. Ni hali tatu, lakini mtaani zote zinasikika kama ya tatu.

Lakini tafsiri hii pana ina kasoro ambayo watetezi wake wanaipita haraka mno. Kama asiye na imani yoyote ni ateisti, basi mtoto mchanga naye ni ateisti. Mwambie hivyo mama mdogo, ambaye amefundishwa kwamba kila mtoto huzaliwa katika fitra, yaani maumbile ya kumwelekea Mungu, atakuambia kinyume chake kabisa. Kila upande unamvuta mtoto ambaye bado anatafuta ziwa la mama yake. Sioni faida ya jina linalomhusu mtu ambaye hajawahi kuwaza swali lenyewe. Zaidi ya hayo, nimekaa na vijana wanaozungumza saa nzima kama watu wenye hakika kwamba mbinguni hakuna kitu, na ukiwaomba sababu wanarudi nyuma: "Mimi sidai chochote, nimekosa imani tu." Hapo mwenye imani ana haki ya kulalamika. Anayesema waziwazi "hayupo", akataja mateso ya watoto wasio na kosa kama sababu yake, namheshimu zaidi, maana amebeba mzigo wake.

Mwanafalsafa mwingine Mwingereza, Bertrand Russell, alilieleza tatizo hili mwaka 1947. Akizungumza na wanafalsafa alijiona anapaswa kujiita agnostiki, kwa kuwa hana uthibitisho kamili kwamba Mungu hayupo. Kwa mtu wa kawaida aliona ni sahihi zaidi kujiita ateisti, kwa sababu hata miungu ya Wagiriki wa kale hawezi kuthibitisha kwamba haipo, na hakuna anayeihangaikia. Ni mtu mmoja mwenye majina mawili, na jina linategemea nani anasikiliza.

Huku kwetu kuna tabaka jingine ambalo majina ya Ulaya hayaligusi. Wanyamwezi walimtaja Likube, na Limatunda, muumbaji. Waha wa Kigoma walimtaja Imana. Hata hivyo wamisionari waliwaita wapagani, na mpaka leo mzee wa kijijini asiye Mkristo wala Mwislamu huambiwa "hana dini". Hana dini, ila Mungu anaye. Baba mdogo alikuwa akienda Uyui kwenye tambiko la baba yake. Nilimuuliza kwa nini anaenda ilhali haamini. "Nawakumbuka wazee," alijibu. Hapo hata Huxley hamtoshi.

Marekani wamejaribu kuhesabu. Taasisi ya utafiti ya Pew, kwa takwimu za 2023, ilikuta watu wazima 28 kati ya 100 hawana dini. Ndani ya kundi hilo asilimia 17 walijiita ateisti, 20 agnostiki, na 63 walisema si kitu chochote maalumu. Kundi kubwa kuliko yote halina jina! Sisi sensa yetu iliuliza dini kwa mara ya mwisho mwaka 1967. Mahakamani, shahidi anayesema hana imani ya dini huruhusiwa kuthibitisha tu kwamba atasema kweli badala ya kuapa, na hakuna anayemuuliza yeye ni wa aina gani.

Mimi naona "mkana Mungu" abaki kuwa yule anayesema kwa kinywa chake kwamba hayupo. Wengine tuwaite "wasioamini", na aliyesema hajui tumwache na "sijui" yake. Baba mdogo tulimzika kiukoo. Mzee wa kahawa alisema maneno machache, shangazi akafanya ishara ya msalaba, mama mdogo alibaki nyumbani na dua yake. Fundi alipouliza kibaoni aweke msalaba au mwezi, tulimwambia aandike jina na miaka.

Mpwa wangu hakuridhika. Tukirudi kutoka makaburini alinishika mkono. "Mjomba, maneno yako nimeyaelewa. Lakini Jumapili asubuhi mtu anaenda au haendi. Hakuna kwenda nusu. Mtu akiishi miaka thelathini kama Mungu hayupo, huko kusema hajui kunambadilishia nini?" Nilimwambia kuishi bila kusali si sawa na kuishi kama hayupo, maana wapo wanaosali kila siku na wanaishi hivyo. Alitikisa kichwa. "Hao nao ni wakana Mungu," akasema, na tukatembea mpaka Ng'ambo bila kukubaliana.