Mwacheni Fundi wa Ndege Aseme Hapana

Mwezi uliopita, katika uwanja mmoja wa ndege wa kanda ya ziwa, nilimsikia mtu mzima, ambaye tangu asubuhi alikuwa amezungumza kwa heshima na kila mtu, akimwambia fundi aliyetaka kuandika hitilafu ya ndege yetu, mbele yetu sote: "Kijana, ndege hii imetua salama saa moja iliyopita. Kwani ni lazima uandike? Utaandika tukifika Dar." Abiria wakapiga makofi. Fundi hakujibu neno, akarudi kwenye ndege, nasi tukalala mjini humo. Usiku ule wa hoteli nimeshausahau, lakini makofi yale yananiuma hadi leo.

Ninakubali, kwa shingo upande, kwamba mashirika ya ndege yamechangia hali hii. Maneno "hitilafu ya kiufundi" hutangazwa mara nyingi bila maelezo yoyote, na abiria aliyekwisha kucheleweshwa mara kadhaa ana haki ya kushuku kwamba tatizo ni marubani wachache au viti vilivyobaki vitupu. Ninakubali pia kwamba wakati mwingine hitilafu ni ya kweli lakini kosa si la watu wetu kabisa: mwishoni mwa mwaka 2022, ndege aina ya Airbus A220 za Air Tanzania zilipoegeshwa kwa sababu ya injini za Pratt & Whitney, hapakuwa na fundi wa Dar es Salaam ambaye angeweza kuumaliza udhaifu uliotoka kiwandani. Yote hayo ni mambo ya kuwauliza wakubwa wa shirika. Hakuna hata moja kati yake linalompa abiria ruhusa ya kumwomba fundi afumbe macho.

Watu wanaopenda habari za ndege huvutiwa na majaribio ya kiwandani, na mimi ni mmoja wao. Mwaka 1995 Boeing walilipinda bawa la 777 hadi likavunjika, na lilivumilia asilimia 154 ya mzigo mkubwa kuliko wote linaotarajiwa kuubeba maishani mwake. Kabla ya hapo kuna historia ya Comet, ndege ya kwanza ya jeti kubeba abiria wa kibiashara. Tarehe 2 Mei 1952 ndege iliyosajiliwa G-ALYP iliondoka London kwenda Johannesburg ikipitia Entebbe. Chini ya miaka miwili baadaye, Januari 1954, ndege ileile ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba, wakafa watu wote 35. Waingereza waliizamisha Comet nyingine katika tangi la maji huko Farnborough, wakawa wanaijaza shinikizo na kulipunguza, mara elfu na zaidi, hadi mwili wake ukachanika, na ndipo dunia ilipoelewa vizuri jinsi metali ya ndege inavyochoka. Ninawaheshimu sana waliofanya kazi ile. Hata hivyo, jaribio la kiwandani huthibitisha ubora wa muundo wa ndege, ilhali ndege yenyewe itaruka miaka ishirini au thelathini, na katika miaka hiyo yote uhai wa abiria utakuwa mikononi mwa mtu mwenye tochi, kipimo na kalamu, anayefanya kazi usiku ili ndege iwe tayari alfajiri.

Ninaomba kila aliyepiga makofi siku ile aisome habari ya ndege ya Alaska Airlines, safari namba 261. Ilikuwa MD-83, na bawa dogo la mkiani lilisogezwa juu na chini na skrubu ndefu iliyopita ndani ya nati. Nati hiyo ilitengenezwa kwa metali laini kuliko skrubu, kwa hiyo bila grisi ilikuwa ni lazima iliwe. Mwezi Septemba 1997, ndege ikiwa katika ukaguzi mkubwa huko Oakland, California, fundi mmoja aliyesimamia zamu alipima kiasi ambacho nati ilikuwa ikicheza, akapata inchi 0.040, yaani milimita 1 hivi, ambacho ndicho kikomo kilichoruhusiwa. Akaandika kwamba nati ibadilishwe. Nati ya akiba haikuwapo. Siku chache baadaye zamu nyingine ikapima upya, ikapata inchi 0.033, ikaandika kwamba imerudia mara tano na kupata jibu lilelile, na ndege ikarudishwa hewani na nati yake ya zamani.

Wakati huohuo muda wa kupaka grisi ulikuwa umerefushwa hatua kwa hatua, kwa idhini ya mamlaka, hadi kufikia mwaka 1996 sehemu hiyo ilipakwa kila baada ya miezi 8, ambayo kwa matumizi ya ndege zile ni zaidi ya saa 2,500 za kuruka. Tarehe 31 Januari 2000 nyuzi za nati zilikwisha. Marubani walipambana na ndege iliyokuwa ikivutwa kuelekea chini, wakashindwa, ikatumbukia katika Bahari ya Pasifiki na watu wote 88 waliokuwamo. Skrubu ilipotolewa baharini ilikuwa imezungukwa na mabaki ya nyuzi za nati, na katika sehemu iliyopaswa kufanya kazi hapakuonekana grisi ya kufaa.

Ni lazima niwe mwadilifu hapa. Wachunguzi walitaja upungufu wa grisi kuwa ndio chanzo. Hawakusema kwamba kipimo cha zamu ya pili kilikuwa cha uongo, nami sitasema. Lakini tazama jinsi neno "hapana" lilivyoondoka. Hakuna aliyemkaripia fundi hadharani, hakuna aliyevunja sheria kwa kishindo. Yule wa kwanza aliandika alichokiona, kisha kipimo kingine kikachukua nafasi ya chake, nayo nati ikaendelea kuliwa kwa karibu saa 9,000 za kuruka zilizofuata. Mtu yeyote anayedhani kwamba mtambo mkubwa huangushwa na uzembe wa wazi peke yake hajafikiria jinsi ilivyo rahisi kwa watu wema, waliobanwa na ratiba, kupima tena na tena hadi jibu liruhusu safari.

Na hao wanaolalamika kwamba ndege huzuiwa kwa sababu ya taa moja wanapaswa kujua kwamba kazi hiyo ina utaratibu. Ipo orodha iliyoidhinishwa inayoonyesha ni kifaa gani kinaweza kuwa kibovu na ndege bado ikaruka, kwa masharti gani, na kwa siku ngapi: vingine siku 3, vingine 10, vingine hadi 120. Fundi akisema ndege haiondoki, ina maana kwamba ameshaitazama orodha hiyo na haikumpa nafasi. Hakuamka siku ile akitaka kuwaudhi abiria.

Boeing 737 MAX iliyoanguka Ethiopia tarehe 10 Machi 2019 ikielekea Nairobi, na kuua watu 157, ilitufundisha jambo hilohilo kwa upande wa usanifu. Sehemu kubwa ya ukaguzi wa ndege ile ilikuwa imekabidhiwa wafanyakazi wa kampuni iliyoitengeneza, na mfumo uliokuwa na uwezo wa kusukuma pua ya ndege chini ulitegemea kihisio kimoja tu. Wakenya 32 walikuwamo. Na Umoja wa Ulaya ulipoyafungia anga lake mashirika yote yaliyopewa cheti Tanzania, Juni 2025, mijadala mingi niliyoifuata ilihusu heshima ya taifa, na michache sana iliuliza kama mkaguzi wetu ana nguvu ya kumkatalia bosi.

Hilo ndilo ninalolitaka lijibiwe. Fundi akiandika kwamba kifaa kimefika kikomo, kipimo cha pili kisifanywe bila yeye kuitwa, na asipokubaliana nacho, maandishi yake yabaki na yapelekwe kwa mamlaka ya usafiri wa anga kabla ndege haijaondoka, si baada. Asihamishwe, asipunguziwe zamu, asinyimwe mkataba mpya. Wamarekani walitunga sheria ya kuwakinga wafanyakazi wa mashirika ya ndege wanaotoa taarifa za usalama, nayo ilitiwa saini tarehe 5 Aprili 2000, miezi miwili baada ya wale 88 kufa. TCAA na KCAA, mamlaka za usafiri wa anga za Tanzania na Kenya, zinaweza kuandika kanuni ya namna hiyo kwa lugha ambayo hata abiria ataielewa, na kuibandika mahali tunapokaa kusubiri ndege. Abiria aliyecheleweshwa adai chakula, adai malazi, adai maelezo kamili, na ayadai kwa meneja wa kituo.