Mnagombania Magufuli, mkataba hamjaufungua

Kila zinapotajwa zile dola milioni 90 tulizokubali kuwalipa wawekezaji wa kigeni tuliowafutia leseni ya nikeli ya Nachingwea, watu wanagawana pande mbili kabla chai haijapoa. Huku: Magufuli alituponza. Kule: mabeberu wanatunyonya. Wanarushiana hayo siku tatu, kisha inaingia mechi ya watani wa jadi, na kifungu kilichotutoa hizo fedha kinabaki palepale, hakijasomwa na upande wowote.

Hesabu kwanza, maana wengi wanaijua nusu. Januari 2018 kanuni mpya za madini zilifuta leseni zote za kuhodhi maeneo, zile alizokuwa anapewa mtafiti aliyekwisha kuyaona madini lakini bei au soko halijamruhusu kuchimba. Desemba 2019 maeneo yale yakatangazwa zabuni. Kampuni tatu zikaenda ICSID, kituo cha Benki ya Dunia cha kusuluhisha migogoro ya uwekezaji, kule Washington. Winshear ya Canada, iliyokuwa na dhahabu ya Lupa, tulimalizana nayo Oktoba 2023 kwa dola milioni 30. Indiana Resources na wenzake wa Ntaka Hill, ndiyo hiyo nikeli ya Nachingwea, walishinda Julai 2023, zaidi ya milioni 109 ukiweka na riba. Mwaka uliofuata wakakubali 90, kwa awamu. Montero wa Wigu Hill, kule Morogoro, wakachukua milioni 27 mwezi Novemba 2024. Jumla 147, na mawakili wetu bado hujawahesabu. Ntaka Hill haijawahi kutoa hata lori moja la nikeli la kwenda sokoni.

Nakubali, kwa shingo upande: leseni zilifutwa kwa pupa. Ukitaka kumnyang'anya mtu haki uliyompa mwenyewe, unamwita, unapiga naye hesabu ya alichotumia kuchoronga na kupima, mnaandikiana, ndipo unafuta. Fidia haikuwekwa mezani, na wasuluhishi hawakuhitaji darubini kuliona hilo. Haya, nimekubali.

Ila kosa hilo peke yake halimfikishi mtu Washington. Chukua kampuni ya Mtanzania, tuseme nayo ilikuwa na leseni ya aina ileile. Ingefutiwa siku ileile, kwa kanuni ileile, na safari yake ingeishia Mahakama Kuu na Rufani. Mwanakijiji anayebishana na mgodi kuhusu shamba lake ataanzia mabaraza ya ardhi ya hapahapa, na nauli ajitafutie. Kilichowapa wale watatu mlango wa pili ni mkataba wa kulinda uwekezaji: wa Uingereza wa 1994, na wa Canada wa 2013. Siku ile ya kalamu na bendera, umesikia nani akiuliza kuhusu kifungu cha utatuzi wa migogoro?

Kifungu hicho ndicho roho ya mkataba. Serikali inatoa ridhaa mapema kushtakiwa na mwekezaji yeyote wa nchi ile, hata ambaye kampuni yake haijasajiliwa bado, kwa mradi ambao hakuna aliyeuota. Mlango ni wa upande mmoja: kampuni inaishtaki nchi, nchi haiishtaki kampuni. Rudi nyuma kidogo kwenye tafsiri ya neno "uwekezaji", utakuta "mali ya kila aina": hisa, leseni, madai ya fedha. Kisha kuna ahadi ya "kutendewa kwa haki na usawa". Maneno matamu, nani atayakataa? Shida ni kwamba maana yake wanaijaza watu watatu: mmoja kateuliwa na kampuni, mmoja na serikali, wa tatu kwa makubaliano. Na katika fani hii, aliye msuluhishi kwenye shauri hili unaweza kumkuta wakili kwenye shauri jingine. Rufaa hakuna. Kuna ombi la kubatilisha hukumu kwa sababu chache za kiutaratibu, na kukosea sheria au hesabu si mojawapo.

Ukishindwa, kila nchi mwanachama wa ICSID inatakiwa kuichukulia amri ile ya malipo kama hukumu ya mwisho ya mahakama yake. Ndiyo maana Airbus yetu ilizuiwa Uholanzi mwaka 2022, kwa deni la dola milioni 165 la ule mradi wa sukari wa Bagamoyo. Wasweden wa EcoEnergy walishinda Aprili mwaka huo. Wengine walidhani rubani kakosea vibali.

Hapa ndipo panaponikera kuliko pote. Mwaka 2017 tulitunga sheria ya mamlaka ya nchi juu ya rasilimali zake, ikatamka kwamba migogoro ya rasilimali isipelekwe mahakama za nje. Tukapiga makofi. Wakapeleka. Sheria ya ndani haifuti ahadi uliyoitia sahihi nje; mwanafunzi wa mwaka wa pili wa sheria anajua. Kama nia ilikuwa kuufunga mlango, wa kubadilishwa ulikuwa mkataba. Tulipaka rangi ukuta, mlango uko wazi.

Na msidhani kampuni zinabahatisha. Kesi ya Indiana iligharamiwa na Litigation Capital Management, ambao biashara yao ni kukopesha mashtaka na kugawana ushindi. Philip Morris walihamishia biashara yao ya Australia chini ya tawi la Hong Kong mapema 2011, ili wautumie mkataba wa Hong Kong kupinga sheria ya pakiti za sigara. Walishindwa 2015. Uruguay nayo iliwashinda 2016, baada ya miaka sita.

Ndiyo, serikali hushinda pia. Kenya iliwabwaga Cortec, kampuni ya madini ya Mrima Hill, mwaka 2018 kwa sababu leseni yao haikuwa na kibali cha mazingira. Sisi wenyewe, kwa City Water, ile kampuni ya maji ya Dar es Salaam, tuliambiwa 2008 kwamba tumevunja mkataba lakini fidia ni sifuri. Vizuri. Mawakili hulipwa vilevile.

Cha kuchekesha, Marekani na Canada, waliokuwa na mlango huu kati yao tangu NAFTA, mkataba wa biashara huru wa Amerika Kaskazini wa 1994, wameuondoa katika mkataba mpya wa 2020. Afrika Kusini ilitunga sheria yake 2015: anza mahakama za hapa. SADC, ambamo tumo, iliuondoa kwenye kiambatisho chake cha uwekezaji 2016. Na Bunge letu Novemba mwaka huohuo lilikaa likajadili EPA, mkataba wa ubia wa kiuchumi na Umoja wa Ulaya, na kuukataa, kwa hiyo kusoma mkataba tunaweza tukitaka.

Basi mbunge wako akija na habari za mkataba mpya wa biashara huru, achana na ushuru wa maparachichi kwa dakika tano. Muulize mwekezaji anaanzia mahakama gani. Muulize kama kampuni ya sanduku la posta, iliyosajiliwa nchi ile kwa jina tu, inaruhusiwa kushtaki. Halafu muulize kuhusu mkia. Mkataba wetu na Uholanzi tuliuvunja, ukakoma 1 Aprili 2019, lakini uwekezaji ulioingia kabla ya hapo unaendelea kulindwa miaka 15. Yaani hadi 2034. Mtoto aliyezaliwa siku mkataba unakufa atakuwa yuko sekondari, na kampuni iliyokuja 2018 bado ina tiketi yake mfukoni.