Gari la Spoti la Umeme Likizeeka, Lipewe Betri Nyepesi

Pale gereji, Mwanjelwa, hapa Mbeya, tumebishana wiki nzima juu ya gari ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuligusa: Tesla Roadster ya kwanza, ile ya 2008 hadi 2012, iliyojengwa kwa kufuata Lotus Elise ya Uingereza. Yalitoka kama 2,450 tu. Betri za mengi zimechoka sasa, kwa sababu seli za lithiamu huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa, na wenye nayo wanatafuta za kubadilishia. Seli za leo hubeba umeme mwingi zaidi kwa uzito ule ule. Je, faida hiyo itumike kulipeleka gari mbali zaidi, au kulipunguzia mzigo? Wenzangu karibu wote wanasema umbali. Mimi nasema mzigo.

Betri ya Roadster ina uzito wa kilo 450 hivi, kwenye gari lisilofika tani moja na nusu. Ndani yake mna seli 6,831, ndogo kama zile za tochi za kuchaji, zilizopangwa makundi 99 ya mfululizo (hayo ndiyo yanayojumlisha volti), kila kundi likiwa na seli 69 sambamba (hizo zinagawana mzigo wa umeme). Jumla ni kama kilowati-saa 53, yaani uniti 53 zile zile tunazonunua kwa LUKU. Seli ya wakati ule ilibeba wati-saa 8 hivi; ya leo ya umbo lile lile inafika 12 na zaidi. Makundi 99 lazima yabaki, la sivyo volti zitabadilika na gari zima litavurugika. Lakini kwenye kila kundi, badala ya 69 unaweza kuweka 43 na uniti zikabaki 53. Kwa hesabu yangu, hapo unaokoa kilo 100 hivi za seli peke yake.

Kilo 100 ni nini? Mwaka jana nilimbadilishia dereva mmoja betri za bajaji yake ya umeme. Ilikuwa na betri tano za risasi na asidi, karibu kilo 145 zote. Nikamfungia lithiamu ya uwezo ule ule, haikufika kilo 60 pamoja na kasha lake. Nilitegemea arudi akisifu chaji. Aliporudi alizungumzia mteremko wa Iwambi: kwamba sasa breki zinashika, na bajaji haimsukumi tena kutoka nyuma. Anayeujua mteremko ule, na malori yaliyowahi kuishia pale, ataelewa kwa nini maneno hayo hayajanitoka kichwani.

Nilikuwa naamini pia kwamba uzito unakula umeme mwingi mlimani. Nikakaa na kalamu. Kuzipandisha kilo 100 kutoka ufukweni Matema hadi Mbeya mjini, tofauti ya kimo ya kama mita 1,200, kunadai theluthi moja ya uniti. Theluthi moja tu! Na ukishuka, mota inageuka kuwa jenereta na kurudisha sehemu yake. Kwa hiyo anayeuza betri nyepesi kwa kudai itaokoa chaji nyingi sana, msimwamini. Faida iko kwenye breki, matairi, kona na mikono ya dereva. Roadster haina hata pawa stelingi. Iliundwa ili dereva aisikie barabara kwenye viganja vyake. Gari la namna hiyo ukiliongezea mzigo umeliondolea kilichofanya watu walipende.

Ndiyo maana sikufurahia uamuzi wa Tesla yenyewe. Desemba 2014 ilipotangaza betri mpya kwa Roadster za zamani, iliupeleka ufanisi wote wa seli mpya kwenye umbali: kama uniti 70 badala ya 53. Nawaelewa wanunuzi wanaoogopa kuzimikiwa njiani. Hata mimi naishi mahali ambapo ukitoka Uyole kwenda Makambako huoni kituo cha kuchajia gari. Lakini betri ya awali, ikiwa mpya, ilipimwa kilometa 393 kwa kipimo cha Marekani. Toa za milima yetu, bado zinabaki nyingi kwa gari la viti viwili la kutembelea Jumapili.

Hapa kwenye seli 43 ndipo nina wasiwasi wa kifundi, na sitaki kuuficha. Ukikanyaga mafuta mpaka mwisho (bado tunasema mafuta), mota ile huvuta mkondo wa umeme wa zaidi ya ampea 500. Zikigawanywa kwa seli 69, kila moja inatoa ampea 7 hivi. Kwa seli 43 inakuwa karibu 12, na seli nyingi za uwezo mkubwa hazipendi kutoa kiasi hicho kwa muda. Zitachemka, na seli iliyochemka ndani ya kasha lililobanana ni hatari ya moto. Ningechagua seli zenye uwezo mdogo kidogo lakini zinazovumilia mkondo mkubwa, 50 kwa kila kundi. Unaokoa kilo 75 badala ya 100. Nazikubali hizo 75 kwa moyo mweupe.

Halafu kuna springi. Betri ile imekaa nyuma ya viti, karibu na ekseli ya nyuma, na springi za nyuma zilichaguliwa kwa uzito wake. Ukitoa kilo 75 pale, mkia unainuka na gari linakuwa jingine kwenye kona. Kila tairi lipimwe uzito wake kabla betri ya zamani haijashushwa, lipimwe tena baada ya mpya kufungwa, kisha springi na shokapu zirekebishwe kwa vipimo hivyo. Fundi atakayesema kazi imeisha siku taa za dashibodi zilipowaka, asilipwe bado.