Kila Kinacholia ni Shoki

Mwenye gari kuukuu Nairobi habebi abiria. Hubeba jopo la wataalamu. Nampa jirani lifti kutoka Umoja kwenda mjini, na kabla hatujaimaliza Barabara ya Jogoo amekwisha kuniarifu kwamba ule mlio chini ya miguu yake ni shoki, yale mabomba yenye mafuta yanayotuliza gari lisinesenese, kwamba za shemeji yake zililia vivyo hivyo, na kwamba nikizembea gari litanilaza njiani. Nauli halipi, ila ushauri huniachia kitini pamoja na maganda ya njugu.

Katika jiji hili kila kinacholia chini ya gari ni shoki, kwa sababu shoki ni ghali. Fundi wa kando ya barabara hulitamka neno hilo kabla sijazima injini, macho yake yakipima viatu vyangu badala ya magurudumu. Shoki ikifa, ukiikandamiza kona ya gari kwa nguvu na kuiachilia, gari litanesanesa, na mara nyingi utakuta mafuta yametiririka ubavuni mwa shoki yenyewe. Langu hupanda mara moja likatulia, nazo shoki ni kavu. Sasa maiti ninayeuziwa jeneza yuko wapi?

Gari langu hugongagonga kwa wepesi nikienda polepole kwenye vijishimo, lakini magurudumu ya mbele yakipanda tuta kwa pamoja, kimya. Hizo ni linki za stebilaiza, vijiti vinavyoishika ile fito ya chuma inayounganisha upande wa gurudumu la kushoto na wa kulia. Tuta likiyainua magurudumu sawasawa, stebilaiza haijipindi na linki hazivutwi. Shimo likimeza gurudumu moja, ndipo vurugu inapoanza. Bushi za mkono wa chini, yaani raba za kile chuma kinacholishika gurudumu, kwa kawaida hugonga kwa uzito unapofunga breki. Boljointi, kiungo cha mviringo kwenye ncha ya mkono huo, ndiyo ya kuogopwa, kwa maana ikichomoka, gurudumu hulala ubavu katikati ya barabara. Jeki na gurudumu la akiba nilikwisha kuvitoa kwenye buti, kwa kuwa navyo, vikigongana humo, vimewahi kuwalipisha watu wazima pesa za shoki.

Baada ya mabishano marefu fundi alikubali kutia mtaimbo kupima viungo vilivyolegea. Linki zote mbili zilikuwa zinacheza, na kwa haki yake, yeye ndiye aliyeona kwamba raba ya bushi moja ya mkono wa chini ilikuwa imepasuka. Tukaenda Barabara ya Kirinyaga, ambako muuzaji aliniuliza kama nataka orijino, ya Japani au ile ya kawaida, kisha akazitoa zote tatu katika sanduku moja.

Tuliporudi, fundi akaanza kukaza bolti ya bushi gari likiwa bado juu ya jeki, gurudumu linaning'inia. Nikamsihi alishushe kwanza, kwa kuwa raba ikibanwa katika hali hiyo hubaki imejinyonga gari likisimama chini, na haichelewi kuchanika tena.

"Mzee," akauliza, "wewe ni fundi ama ni mwenye gari?"

Akalishusha hata hivyo, akajipenyeza uvunguni akinung'unika, akakaza. Katika hesabu yake aliandika gharama ya kulipandisha gari, na chini yake, kwa mwandiko mkubwa zaidi, gharama ya kulishusha.